Kesi ya Maganda

Mwaka ule Eleuterio Barria alimshtaki bibi yangu
kwa wizi wa kome, mbele ya kikao cha wavuvi.
Alisema mwamba wake umeota upara.
Alisema mjane hana mashua wala kitalu,
ila kila Ijumaa chungu chake kinanukia bahari.

Chiloé, mwezi wa nane. Mvua ilikuwa siku yake ya kumi na tisa
na hakuna aliyeiuliza itaondoka lini.
Bibi hakujibu. Alinipa ndoo,
tukangoja maji yapwe.

Tuliokota kila ganda, hata vigae.
Vidole vyangu vilikufa ganzi;
vyake, alisema, vilikufa zamani,
ndiyo maana vina subira.

Kikaoni akaimwaga ndoo juu ya meza,
juu ya daftari la mhazini,
maji yakachuruzika hadi kwenye viatu vya mwenyekiti.
“Someni,” akasema Ermelinda Chiguay,
ambaye hakujua kusoma ila mawingu.

“Hili limevunjika vipande saba: limetoka juu.
Shakwe hana zana, ana kimo.
Hupaa nalo, huliachia jabalini,
lisipopasuka hulifuata, hupaa tena,
kama mtu anayedai deni.

Hili lina tundu la duara, kama la sindano ya gunia.
Konokono. Huyo hushinda mlangoni kutwa nzima.
Kingo hizi zilizomung'unywa, kaa.

Na haya,”
akalisukuma lundo zima kwa kiganja,
“haya ni ya pilpilen,
yule mweusi wa mdomo mwekundu,
anayelia kama bawaba iliyokosa mafuta.
Tazameni: pigo liko upande mmoja, kingo zimebonyea ndani.
Huyu ni mgonga nyundo.
Na haya mazima, yaliyofunguka kama kitabu cha sala,
ni ya jirani yake, mchoma kisu.
Humvizia kome anapoachama kunywa maji,
humkata msuli kabla hajafunga mlango.
Mgonga huzaa mgonga, mchoma humfunza mchoma.
Kila nyumba na ufundi wake.”

Mhazini alihesabu: mia mbili arobaini na moja.
Barria akainua ganda moja, akalinusa,
kana kwamba uongo una harufu.
Kisha akacheka, akamwagiza bibi bilauri ya pombe ya tufaha,
na ndege mwenye hatia, nje, juu ya paa la vigae vya mbao,
akaendelea kupiga kelele.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nilibeba ndoo tupu kurudi nyumbani
nikiwa mwepesi kupita ndoo.

Lakini hakuwa amemwaga yote.
Jikoni, mbele ya jiko la kuni, alitia mkono mfukoni mwa aproni
akatoa ganda moja, akaliinamisha kwenye taa.
Karibu na bawaba palikuwa na mkwaruzo ulionyooka,
na ubavuni mwake wa pili, mfupi:
alama ya kisu chenye ncha iliyomeguka.

Kisu hicho nilikijua.
Ndicho nilichomenyea viazi kila jioni.
Ndicho nilichokificha sokisini kila Ijumaa, kabla hakujapambazuka,
nikarudi na kome waliojaa kofia
nikamwambia bahari imewatupa.

Hakuuliza.
Aliliweka ganda dirishani, usawa wa macho yangu,
pale niketipo kumenya.

Usiku nilisikia jiwe la kunolea,
likienda, likirudi, bila haraka.
Asubuhi kisu kilikuwa kimepungua upana wa ukucha
na ncha yake ilikuwa kamili,
haifanani tena na alama yoyote duniani.

Ijumaa ile tulikula viazi.